Mti Unaochanua Katika Kiangazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi)



Barua ya Kamati ilinitaka niseme machache juu ya mazingira ya shule. Neno mazingira ni pana sana, na mtumishi wa serikali akipewa neno pana pamoja na kipaza sauti, wasikilizaji ndio hupata taabu. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mti mmoja tu. Ni mti mdogo, ni wa huku huku kwetu, huchanua wakati wa kiangazi kikali, na watu wanaufukua mizizi. Nao ni mlundalunda.

Nitaeleza ni mti wa namna gani, kwa nini uko hatarini, na jinsi ya kuuotesha nyumbani au katika uwanja wa shule. Mwishoni nitakuwa na ombi, nalo litawahusu hasa wale wanaoishi hapa Mwanza.

Jambo moja ningependa tulishike tangu mwanzo. Mti ukisifiwa kuwa unavumilia ukame, haina maana kwamba upandwe na kuachwa. Mti huvumilia ukame kwa nguvu ya mizizi yake, na mche uliotoka kitaluni jana bado hauna mizizi hiyo. Kiangazi chake cha kwanza na cha pili ni deni la yule aliyeupanda. Akilipa deni hilo, mti utajitegemea maisha yake yote. Asipolipa, alichopanda ni kijiti tu.

Mti wenyewe

Wasukuma na Wanyamwezi huuita mlundalunda. Wagogo huuita mulimuli, na katika Kiswahili utasikia pia majina ya mkundekunde na mzoka. Kwa kuwa jina moja la kienyeji laweza kutumiwa kwa miti miwili au mitatu, wataalamu wa mimea wanao jina lao moja kwa dunia nzima, yaani Cassia abbreviata. Mti huu huota toka Somalia na Kenya kushuka mpaka Namibia na Afrika Kusini, katika mapori makavu na katika miombo. Si mti wa Mwanza peke yake, lakini Usukuma ni mojawapo ya nyumba zake.

Mara nyingi urefu wake ni mita 4 hadi 7, na penye udongo mzuri huweza kufika mita 10. Gome lake ni la rangi ya kahawia iliyoiva, tena la kukwaruza. Ni wa jamii ya kunde, na vijani vyake hupangana viwili viwili juu ya kikonyo kimoja. Kiangazi kinapozidi, hupukutisha majani yake na kubaki mtupu kama kuni zilizosimamishwa. Mgeni angedhani umekufa. Kumbe mwishoni mwa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, kabla mvua haijashika, unachanua maua ya manjano yenye harufu nzuri, katika vishada vikubwa kwenye ncha za matawi. Wakati ng'ombe wamekonda na vumbi limefunika kila kitu, mlundalunda umevaa nguo za sikukuu.

Matunda yake ni maganda ya mviringo, membamba na marefu. Mengine hufika sentimeta 90. Huko Afrika Kusini wameupa mti huu jina linalotokana na kiboko cha kuswagia ng'ombe. Naomba walimu wa zamu wasipate mawazo mapya. Maganda hayo huchukua muda mrefu kukomaa, hata mara nyingine utaona maua ya mwaka huu na maganda ya mwaka jana juu ya mti mmoja.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: mti unawezaje kuchanua pasipo mvua? Maji mengi ya mti hupotea kwa njia ya majani. Mti ukipukutisha majani, umefunga bomba. Chakula ulichotengeneza wakati wa mvua kimehifadhiwa katika shina na mizizi, na mizizi yenyewe imeshuka chini kufuata unyevu ambao masika iliuacha. Kwa hiyo mlundalunda hauchanui kwa muujiza. Unachanua kwa akiba.

Wenyeji na wageni

Ukitembea mjini Mwanza utaona miti mingi yenye maua, na karibu yote ni wageni. Mkrismasi, ule unaowaka mwekundu mwezi Desemba, asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Mjohoro, uliojaa katika shule, zahanati na maofisi, ulitoka Asia ya kusini mashariki. Mwarobaini nao ulitoka upande wa Bara Hindi. Sina ugomvi na miti hiyo. Mjohoro hukua upesi, hauishiwi majani, na umewapa watu wetu kivuli na kuni kwa miaka mingi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, wako wageni waliokuja na mwenyeji hakupona. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuhadithiwa habari za magugu maji. Mmea ule asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulichukuliwa kupelekwa nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Ulikuwa ua la bustani na la kidimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 ulifunga ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kupita na wavuvi wakashindwa kutega nyavu. Ilibidi waletwe wadudu wadogo wa jamii ya fukusi kuja kuula. Gharama yote hiyo ilianzia kwa mtu fulani aliyesema, "Ua hili ni zuri."

Mfano wa pili uko kwenye ziwa letu jingine. Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, uliingizwa mti mmoja wa maua ya manjano kutoka Amerika, unaoitwa kitaalamu Senna spectabilis. Ni mti mzuri wa kuangalia. Ulipozoea, ulianza kuingia msituni na kuzisonga mbegu za miti ya asili zisipate mwanga, ikabidi wahifadhi watafute njia za kuudhibiti, pamoja na kuukata na kuubambua magome. Mti huo ni ndugu wa mbali wa mlundalunda. Zamani yote miwili, pamoja na mjohoro, ilihesabiwa katika kundi moja la Cassia, mpaka mwaka 1982 wataalamu wawili, Irwin na Barneby, walipoligawa kundi hilo. Kwa hiyo mkinunua miche yenye maua ya manjano, msiridhike na neno "kasia". Ulizeni ni kasia ipi.

Mlundalunda hauna hatari hiyo kwetu. Umeishi hapa muda wote huu pamoja na miti mingine, na wadudu wa hapa wanaujua. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za nyumba zetu, huyafuata maua ya jamii hii kwa ajili ya chavua. Ukiupanda, hujaleta kitu kipya, bali umerudisha kilichopungua.

Dawa inayoua mti

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Mlundalunda ni dawa, na udawa wake ndio unaoumaliza. Waganga na wananchi wa kawaida hutumia mizizi na magome yake kwa maumivu ya tumbo, homa na magonjwa mengine mengi. Mizizi na magome ni mali inayochukuliwa porini bure na kuuzwa mjini. Wasukuma wamekuwa mafundi wa dawa za miti tangu zamani, na mimi sitasimama hapa kuwadharau wazee. Wala sitasimama hapa kumshauri mtoto anywe mzizi. Mwenye homa na aende kupimwa damu. Kwa jambo hilo Bugando ipo juu ya kilima na wote mnaiona. Ninalosema ni juu ya namna ya kuchukua.

Tulifundishwa katika darasa la baiolojia kwamba chakula kinachotengenezwa katika majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, umeikata njia hiyo. Majani yataendelea kuwa kijani kwa muda, na wewe utajipongeza kwamba mti haukudhurika. Lakini mizizi inakufa njaa, na mizizi ikifa mti umekufa. Vivyo hivyo anayechimba mzizi mkuu anaukata mti kutoka chini bila kutumia shoka. Kwa kawaida mchimbaji hutaka mti mnene, maana ndio wenye gome nene. Mti mnene ndio unaozaa mbegu. Kwa hiyo anayeuchimba leo ameondoa mti pamoja na watoto wake.

Mganga mwenye busara huchukua kipande kidogo upande mmoja, akapaka udongo penye jeraha na kuuacha mti upone. Lakini soko la mjini halina subira hiyo. Kadiri mji wetu unavyokua ndivyo gunia la mizizi linavyozidi kupata mnunuzi. Kumkataza kwa mdomo mtu mwenye gunia hakutoshi. Dawa ikioteshwa kwenye viwanja vyetu, mbegu zitapatikana karibu, na mganga naye atakuwa na mahali pa kuomba tawi au kipande cha gome kwa utaratibu.

Mfano wa Shinyanga

Wengine watasema kazi hii ni kubwa mno. Nawakumbusha jirani zetu wa Shinyanga. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji mkubwa wa mapori huko ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba, mifugo mingi, kuni, na watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, vyote viliongeza upungufu wa miti, mpaka ikasemwa kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wengi tukiujua kwa jina la HASHI.

Mradi ule ulifanikiwa ulipoacha kuwafundisha Wasukuma na ukaanza kuwauliza. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa zamani wa ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya ndama na ng'ombe wakati wa kiangazi. Ngitili zikarudishwa, za familia na za vijiji. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalifikia zaidi ya hekta 300,000 zilizorudi kuwa na miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Angalieni vizuri kilichotokea. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai chini ya ardhi, na vilichipua mara mbuzi na shoka vilipozuiliwa. Utunzaji ulishinda upandaji. Kwa hiyo hatua ya kwanza katika uwanja wowote, kabla hamjatafuta miche, ni kuzunguka na mzee anayeijua miti, mkatazama kinachochipua chenyewe kati ya mawe. Mkikuta mlundalunda mchanga, uwekeeni uzio wa miiba. Hapo mmeshapata mti wenye mizizi tayari, bila gharama.

Namna ya kuuotesha

Pasipo na machipukizi, tutaotesha. Kazi yenyewe ni hii.

Kusanya maganda yaliyokomaa na kukauka, ya rangi ya kahawia, kutoka miti zaidi ya mmoja. Yavunje utoe mbegu na uzisafishe. Mbegu zina ganda gumu, na maji hayaingii upesi. Chemsha maji, yaepue, yamimine juu ya mbegu na uziache humo mpaka kesho yake. Usizichemshe mbegu zenyewe, utakuwa umepika kunde. Mwenye mbegu chache anaweza kukwangua kidogo upande mmoja wa kila mbegu kwa jiwe la kunolea, kisha akaziloweka katika maji ya kawaida.

Panda mbegu katika viriba virefu, kwa sababu mche huu hupeleka mzizi chini mapema, na mzizi ukigonga kitako cha kiriba hujikunja. Mzizi uliojikunja utotoni hauwezi kutafuta maji ukubwani. Mchanganyiko wa udongo uwe sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Weka viriba chini ya kivuli chepesi, na mwezi mmoja kabla ya kupanda punguza kivuli na maji kidogo kidogo ili miche izoee.

Sasa suala la wakati. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa upande wetu wa ziwa, mvua za vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba, hupungua kidogo Januari na Februari, halafu masika huja Machi hadi Mei. Juni mpaka Agosti ni kukavu, na Julai yaweza kupita bila tone. Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili una majuma 8 tu kabla ya mvua kukatika. Uliopandwa Novemba una karibu miezi 6. Tofauti hiyo ndiyo urefu wa mzizi. Nimehudhuria sherehe nyingi za kupanda miti kwa kazi yangu, na nimeona mara nyingi kibao chenye jina la mgeni rasmi kikidumu kuliko mti wa mgeni rasmi. Tuiadhimishe Aprili kwa heshima zote, tuhesabu miche na kuziba mapengo. Lakini mlundalunda tuupande Novemba, mvua inapokuwa imeloanisha udongo mpaka kina cha mkono hadi kiwikoni. Ili mche uwe tayari Novemba, mbegu zipandwe Mei au Juni.

Mahali nako kuna maana. Wazee wetu wa Kisukuma waliupanga udongo toka kilimani hadi bondeni, kila tabaka na jina lake. Luseni, ule udongo wa kichanga uliotokana na mawe yetu makubwa, unaufaa mlundalunda sana, kwa kuwa maji hayatuami. Itogolo lina tabaka gumu chini, kwa hiyo shimo lichimbwe mpaka tabaka hilo livunjike. Mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaojaa maji wakati wa masika, usipande huko. Katika milima yetu ya mawe, tafuta pengo kati ya mawe lenye udongo. Jiwe lenyewe husaidia, maana maji ya mvua huteleza juu yake na kuingia kwenye pengo.

Chimba shimo la sentimeta 60 kwa upana na kina, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza uurudishe kwanza. Kata kiriba, ondoa plastiki yote, shindilia kwa mguu, na utengeneze kisahani kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimeta 10, lakini ziache mbali na shina, la sivyo mchwa watapata ngazi. Zungushia miiba siku hiyo hiyo. Mbuzi hangoji kesho. Kutoka ukuta wa nyumba acha mita 5, na usipande chini ya nyaya za umeme.

Umwagiliaji ndio mtihani wenyewe. Watu wengi humwaga kikombe cha maji kila jioni. Kikombe hicho huloanisha sentimeta chache za juu, na mizizi hubaki juu kuyangojea. Siku utakaposafiri, jua litaikuta hapo hapo. Mpe mche lita 10 kwa mara moja, polepole, mara moja kwa juma. Maji yatashuka, na mizizi itayafuata. Kwa kiangazi cha kwanza cha majuma 16, hiyo ni lita 160, yaani ndoo 8 za lita 20. Kiangazi cha pili mpe lita 10 kila baada ya majuma mawili, yaani ndoo 4. Kiangazi cha tatu usimpe kitu. Jumla ni ndoo 12 kwa maisha yote ya mti. Sijui mti mwingine wa maua unaodai kidogo namna hiyo.

Usiukate ncha zake ovyo ili upendeze, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi. Ukitaka kupunguza matawi ya chini, subiri mpaka maua yamekwisha. Wala usitegemee kuona maua upesi. Huu ni mti wa kungojewa miaka kadhaa. Jambo la mwisho kwa wakulima: ingawa ni wa jamii ya kunde, mizizi ya kundi hili haina vinundu vya kurutubisha udongo kama vile vya migunga mingi, kwa hiyo usiupande kwa matumaini ya mbolea.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, sasa nataja ombi. Napendekeza kila kidato cha kwanza kikabidhiwe miti 40. Wanafunzi huingia Januari, wapande mbegu Mei, na wapeleke miche ardhini Novemba. Wakiwa kidato cha pili watamwagilia kiangazi cha kwanza. Wakiwa kidato cha tatu watamwagilia kiangazi cha pili. Wakifika kidato cha nne miti inajitegemea, nao wanajiandaa kwa mtihani wa taifa bila ndoo mkononi. Miaka minne ya shule imelingana na mahitaji ya mti, kana kwamba vilipangwa pamoja.

Lakini liko tundu moja katika mpango huu, na miche mingi ya shule zetu nchini imepotelea humo. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kwenye ukavu. Wanafunzi hufunga masanduku yao mwezi Juni, na wakirudi Julai hukuta vijiti. Hakuna aliyefanya kosa. Hapakuwa na mtu, basi.

Hapa ndipo tunapotakiwa sisi. Miti 40 kwa lita 10 ni lita 400 kwa juma, yaani ndoo 20. Wanafunzi wa zamani 20 wanaoishi hapa mjini, kila mmoja akija Jumamosi moja kwa juma na kubeba ndoo moja, wamemaliza kazi kabla ya chai. Kundi la pili likiwa ardhini, kiangazi chake cha kwanza kitakutana na cha pili cha lile la kwanza, nazo zitakuwa ndoo 40 kwa juma moja na ndoo 20 kwa juma linalofuata. Kwa hiyo mtu atabeba ndoo mbili, na mwaka wa tatu hazitaongezeka, kwa sababu kundi la kwanza litakuwa limeshajitegemea. Siombi mchango mkubwa wa fedha. Tumezoea kuchanga fedha na kuondoka. Naomba Jumamosi nne au tano za mwezi wa Juni na Julai, na naomba mabega.

Naomba pia Mkuu wa Shule aruhusu daftari moja liwekwe maktaba. Kila mti upewe namba, tarehe ya kupandwa, mahali mbegu ilikotoka, na majina ya vijana wanaoutunza. Ukifa, iandikwe umekufa lini na kwa sababu gani, iwe ni mchwa, mbuzi, kiu au mchimba mizizi. Baada ya miaka mitano daftari hilo litatufundisha mengi juu ya uwanja huu kuliko hotuba yangu. Na miti ikianza kuzaa, mbegu zigawiwe shule za jirani na wazazi wanaozitaka, bila malipo.

Ninyi wadogo zetu, msifikiri mnapewa kazi ya adhabu. Tulipokuwa hapa, kubeba maji kulikuwa adhabu, najua. Mkibeba ndoo 12 kwa mti mmoja katika miaka miwili, mtakuwa mmeacha hapa kitu ambacho hakitamwomba mtu maji tena, na kitakachochanua kila mwaka wakati miti mingine imejikunyata. Yeyote atakayekuja Septemba, hata kama hakuwajua, atauona.

Wenzangu mnaokaa Mwanza, karatasi ya kuandikisha majina ya Jumamosi iko kwa Katibu, pale mlangoni. Jina langu ni la kwanza, na nimeacha nafasi 19.